Koti la Kengele

2 Machi

Kwako mume wangu mdogo,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita nimeipokea, na marahaba yake ninaitanguliza hapa isije ikapoa njiani. Mimi mzima, wagonjwa ni magoti tu. Mjomba wako bado anaezeka nyumba yake. Tangu Januari amepanda juu mara nyingi kuliko paka, na bati zilizokaa sawa ni tatu. Mwambie mama yako kwamba mdogo wake hajambo, na kwamba ngazi yangu bado iko kwake.

Unaniambia nipige simu. Simu hapa inashika mtandao juu ya tangi la maji la shule tu, na kwa magoti haya sipandi tangi ili nikuambie nimehesabu nzi. Utasoma.

Sasa kazi. Kopo la spiriti lenye nzi wenu limo kwenye mfuko. Mitego yote kumi na miwili ipo kando ya kichaka cha mtoni kama mlivyoipanga ninyi wa kituo cha utafiti, na kwa wiki moja imekamata mbung'o 140. Januari walikuwa 188, kwa hiyo naona wameanza kutuogopa. Chupa za mkojo wa ng'ombe nimezijaza upya. Mimi ndiye mwanamke pekee hapa anayemfuata ng'ombe na ndoo bila kutafuta maziwa.

Kama mlivyoagiza, nimeanza kubadilisha vitambaa vilivyochakaa: mitego minne mwezi huu, minne ujao, minne unaofuata. Jora la bluu mlilonipa limefika salama. Ni kitambaa kizito, hakichuji rangi, hakikunjamani. Nimeshona miaka arobaini na moja na sijawahi kuletewa kitambaa kizuri namna hii kwa ajili ya binadamu. Mmewapa nzi.

Kengele anakusalimu. Bado ndiye anayebeba barua na makopo yetu kwa baiskeli, kilomita kumi na nane kupitia kichakani hadi stendi ya basi, na bado anapiga kengele hata kwa mbuzi. Shati lake limechanika mgongoni kiasi kwamba ukiwa nyuma yake unaweza kuhesabu mbavu. Nimemwambia nitamtazama.

Mkeo mkubwa,
Bibi


11 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako ya tarehe 2 ilipigwa muhuri ofisi ya mizigo ya stendi tarehe 3 asubuhi. Mpe Kengele pongezi zangu.

Sisi wazima. Mama amepata miwani, na tangu aipate nyumba yote imegeuka chafu. Jana alifua mapazia ambayo kwa miaka sita hakuwa na neno nayo. Anasema Mjomba akimaliza paa hilo atakuja kulala chini yake wiki nzima, kwa hiyo Mjomba ana sababu nzuri ya kutomaliza.

Umeandika 140. Nimewamwaga kwenye sahani na kuwahesabu mara mbili: mbung'o 137, nyuki wawili na kifungo kimoja. Kifungo nakurudishia.

Namba zinakwenda vizuri. Mkuu wa kituo anakumbuka kwamba mwaka juzi malale yaliwapata watu wanne hapo kijijini na mmoja hakurudi. Anasema mbung'o wakishuka chini ya kumi kwa wiki, kijiji kitatangazwa salama na mitego itahamishiwa kwingine. Ripoti ninaiandika mimi. Ikikubaliwa nitapewa kitengo cha mitego chote, na mtu mwingine ndiye atakayekaa hapa dirishani kutenganisha mbung'o na nyuki.

Endelea kutuma kopo kila mwezi. Kuhusu vitambaa sina la kuuliza, mambo ya kitambaa ni yako.

Mjukuu wako


17 Aprili

Mume wangu,

Kifungo nimekipokea na nimekitambua. Ni cha mkono wa blauzi yangu ya kijani. Usimwambie mtu kwamba blauzi yangu imo kwenye utafiti.

Mjomba wako amefikisha bati tano. Ya tano aliipigilia misumari pamoja na mkono wa shati lake, ikabidi watu wapande na mkasi wamkate. Nimemshonea mkono mpya. Hiyo ndiyo nafasi yangu katika ujenzi.

Mbung'o safari hii ni 66. Nimehesabu nimevaa blauzi isiyo na vifungo. Mitego minane sasa ina nguo mpya, na kila moja nimeipiga pindo mara mbili, maana walioishona mwanzo walikuwa na haraka ya kwenda kula. Wanawake wa mashine ya kusaga wanauliza ni lini wataruhusiwa kuokota kuni kichakani. Wanakwenda hata sasa, ila wangependa ruhusa.

Kengele nimemshonea koti. Koti kweli kweli: kola, mifuko mitatu ya nje na mmoja wa ndani wa kuwekea barua zisilowe. Kola inchi kumi na tano, kifua thelathini na nane. Alipolivaa alizunguka kijiji mara mbili akipiga kengele, na hakuwa na barua hata moja. Usiniulize kitambaa nimetoa wapi. Fundi haulizwi mabaki.

Anasema tangu avae koti hilo nzi wa mtoni wanampenda kupita kiasi. "Bibi, wananisindikiza kama bwana harusi. Wengine wanapanda nyuma ya baiskeli."

Nikamwambia, "Ndiyo shida ya kupendeza hiyo."

Ana jipu begani ambalo haliivi wala halipoi. Nimefumua mshono wa bega kidogo ili lisimbane.

Bibi


8 Mei

Shikamoo Bibi,

Barua yako ya tarehe 17 Aprili imepigwa muhuri tarehe 29. Siku kumi na mbili kwa kilomita kumi na nane! Kwa siku hizo hata Mjomba angeezeka bati moja. Kengele anapitia wapi siku hizi?

Mama anakusalimu. Ameona kwa miwani kwamba nina mvi tatu na ameanza kunitajia mabinti wa jirani mmoja mmoja. Nimemwambia nimeshaoa, mke wangu ni fundi cherehani na ana wivu.

Hesabu yako safari hii imelingana na yangu, 66, na hakuna kifungo. Nimechora mchoro: 188, 137, 66. Mstari unashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Mkuu ameubandika ukutani kwa gundi, na huyo hajawahi kubandika kitu ila kalenda. Tarehe ya sherehe imeshapangwa: 30 Juni. Wageni watakuja hapo kijijini, mitego itang'olewa, nami nitasoma ripoti mbele ya watu. Mama ameshanitafutia tai.

Nilitaka kuuliza koti la Kengele ni la kitambaa gani, lakini umesema nisiulize. Basi siulizi.

Mjukuu wako


22 Mei

Mume wangu mdogo,

Huku salama. Mjomba wako yuko bati ya saba na ameanza kupiga mluzi akiwa juu, kwa hiyo tunaogopa.

Namba ya mwezi huu nimeihesabu kwa vidole vya mikono na kidole kimoja kikabaki. Mbung'o tisa. Mitego yote kumi na miwili imeshavaa nguo mpya. Mwambie Mkuu wako alete wageni wake, nitakaa mbele.

Usimseme Kengele vibaya. Kazi imemchosha tu. Juzi alikuja kuchukua mfuko, akakaa kwenye benchi langu, nikamuuliza habari za mke wake. Akasema, "Mke wangu..." akalala. Nilishona suruali nzima nikisubiri nusu ya pili ya sentensi. Wiki iliyopita dereva wa lori alimkuta amelala kando ya njia, baiskeli juu yake kama blanketi. Watu wanamcheka. Mwenye mashine ya kusaga anasema amepata mke wa pili ng'ambo ya mto. Mke wake anasema huyo wa pili amchukue moja kwa moja, maana aliyeko nyumbani analala hata kijiko kikiwa mdomoni.

Kuna jambo moja linanisumbua, na ni la ufundi tu. Koti lile kola haifungi tena. Nimepima upya: inchi kumi na sita. Nikasema huyu amenenepa, nikapima na kifua: thelathini na sita. Miaka arobaini na moja ya cherehani, sijaona mtu anayenenepa shingo na kukonda kifua. Nilipopitisha kidole nyuma ya shingo nilikuta vinundu, kama vifungo vidogo vilivyosahauliwa ndani ya bitana. Nimemsogezea kifungo cha kola.

Bibi


3 Juni

Bibi,

Salamu baadaye. Barua yako nimeipata leo, na hii anakuletea dereva wa kituo mkononi. Gari hilo hilo limchukue Kengele na mke wake mpaka hospitali kubwa, siku hiyo hiyo atakapofika. Kengele asiguse baiskeli. Akikataa kupanda, mwambie kuna barua ya kupeleka hospitalini.

Jipu lisiloiva, vinundu vya shingoni, kukonda, usingizi wa mchana. Hayo ni malale, Bibi. Umeyaandika yote vizuri kuliko mganga wa zahanati, ila umeyaandika kwa futi ya kushonea, na mimi nilikuwa nasoma namba tu.

Nataka vitu viwili. Niambie koti ni la rangi gani. Na ukate kipande cha upana wa kidole kutoka kila mtego, yote kumi na miwili, uvitie kwenye bahasha umpe dereva. Usivifue.

Mjukuu wako


4 Juni, saa tano asubuhi

Mume wangu,

Dereva amekaa kwenye kiti cha wateja na anatazama saa, kwa hiyo nafupisha. Mimi mzima. Mjomba wako mzima.

Kengele alikataa. Nikamwambia kuna barua ya hospitalini. Akaamka, akafunga vifungo vya koti, akauliza mfuko uko wapi. Nimemvua koti hilo mimi mwenyewe. Akaniuliza, "Bibi, nimekukosea nini?" Ameondoka na shati la Mjomba wako, lile lenye mkono mpya. Mke wake amepanda mbele, na leo hataniwi.

Vipande kumi na viwili nimevitunga kwenye uzi kwa mpangilio wa mitego. Cha kumi na tatu ni cha koti. Una macho.

Pindo zote ni safi, hilo utaliona.

Bibi


12 Juni

Shikamoo Bibi,

Kengele kwanza. Wamemkuta na vimelea vya malale kwenye damu. Wamempima na maji ya uti wa mgongo, na huko havijafika. Daktari anasema angechelewa wiki tatu nyingine mazungumzo yangekuwa tofauti. Ameanza dawa. Anatapika, analala, akiamka anauliza koti. Wanatarajia atapona.

Sasa vipande. Vyote kumi na viwili ni bluu nyepesi, ya maji ya bomba. Cha kumi na tatu ndicho kitambaa cha jora letu. Hapa kituoni tunafuga mbung'o hai kwenye kizimba cha wavu. Nilitundika humo kipande chako kimoja cha mtego na kile cha koti. Baada ya robo saa cha koti kilikuwa cheusi kwa nzi. Cha mtego alikitembelea mmoja, nadhani alipotea njia.

Bluu ile si pambo, Bibi. Mkojo wa ng'ombe unawaita kwa harufu, lakini wakikaribia wanafuata rangi, na hawafuati bluu yoyote tu. Tazama mchoro wangu: kila ulipobadilisha mitego minne, namba iliporomoka. Mimi nikauita mafanikio. Mbung'o hawakwenda popote, waliacha tu kuja mitegoni. Mtego pekee uliobaki ulikuwa Kengele, nao ulikuwa unapita kichakani mara nne kwa wiki.

Tarehe 30 bado ipo. Sijamwambia Mkuu. Nimefikiria kuandika kwamba kiwanda kilituletea kitambaa kibovu. Hakuna atakayetajwa, wewe wala mimi, mitego itabaki mahali pake mwaka mwingine, na hakuna wa kuumia. Niambie kama ni sawa. Mama hajui kitu, ameshaipiga pasi tai.

Mjukuu wako


20 Juni

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua hii na kopo anavipeleka stendi Mjomba wako kwa miguu. Ameteremka kutoka kwenye paa kwa ajili hiyo, akiwa bati ya tisa, na huo ni mchango mkubwa kuliko unavyodhani.

Unaniuliza kama ni sawa. Si sawa. Kiwanda kilileta kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Ukiandika ni kibovu, mwakani wataleta kingine chepesi, na itakuwa nimewafanyia nzi hisani mara mbili. Na kuna jambo ambalo hulijui, kwa sababu sikulisema. Kuna aproni sita. Niliwashonea wanawake wa mashine ya kusaga, kutoka jora lile lile, nao ndio wanaoingia kichakani kutafuta kuni. Ukiandika habari za kiwanda, nani atakuja kuwapima?

Kwa hiyo andika hivi, neno kwa neno. Fundi alipewa jora la bluu avalishe mitego. Fundi aliona ni dhambi kitambaa kama kile kutundikwa porini wakati mtu anayebeba makopo ya kituo anatembea mgongo wazi. Alikuwa na bitana ya bluu nyepesi, mabaki ya mapazia ambayo hayakuchukuliwa, akavalisha mitego kwa hiyo. Alidhani kazi inafanywa na mkojo wa ng'ombe, kitambaa ni paa tu. Bluu ni bluu, alisema. Hakumuuliza mtu, maana angeuliza angekatazwa.

Halafu andika na hili. Siku ya semina ya kutufundisha kutunza mitego, Mkuu wako alipokuwa anaeleza mambo ya rangi, fundi hakuwepo darasani. Alikuwa nyuma ya mlango, ameshika sindano, anashona suruali ya mjukuu wake iliyochanika makalioni alipokuwa anashuka kwenye gari. Mjukuu alikuwa amesimama amejifunga shuka, anasema, "Bibi, fanya haraka, watu wataniona." Niliposikia makofi nikajua somo limekwisha. Nikarudi na kusaini kwamba nimefundishwa.

Dereva wako hata hakuwa ameingia barabarani nilipojua nimefanya nini. Mtu haombwi vipande kumi na viwili vya kitambaa bila sababu. Aproni nimezikusanya zote sita, na wenyewe wamenitukana vizuri. Koti la Kengele nimelifumua mshono kwa mshono. Ni koti bora kuliko yote niliyoshona maishani, na limetoa kitambaa cha mitego miwili. Aproni zimetoa ya mitatu, na jora lililobaki likamaliza saba. Siku nne za cherehani. Nimeitundika tarehe 9 na kuifungua tarehe 16.

Kopo limo ndani, limejaa mpaka spiriti imemwagika. Ni 203. Tai uivae au usiivae, lakini kopo uende nalo.

Bibi


1 Julai

Shikamoo Bibi,

Nilikwenda bila tai. Ilikuwa kikao cha mwisho cha kupanga sherehe, viti vimejaa, na Mkuu alikuwa anagawa kazi ya nani atapokea wageni. Nikaweka kopo mezani mbele yake.

"Hii nini?"

"Mbung'o 203, Mkuu. Wa wiki moja."

"Wa kijiji gani hao? Maskini."

"Kile tunachokitangaza salama tarehe 30."

Nikasoma barua yako, yote, na suruali ikiwemo. Mhasibu alicheka kwenye suruali, akajifanya anakohoa. Mkuu hakucheka.

"Suruali ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na somo la rangi nilifundisha mimi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na nani alihakikisha kwamba mtunza mitego yuko darasani?"

"Hakuna, Mkuu. Mlangoni nilitakiwa nikae mimi."

Akainuka kwenda kubandua mchoro wangu ukutani. Gundi ilikuwa imara, mchoro ukatoka na rangi ya ukuta. Pamebaki alama nyeupe mraba, na kila anayeingia anauliza palikuwa na nini.

Sherehe imefutwa. Kitengo cha mitego amepewa mwenzangu wa meza ya pili, mtu makini, sina neno. Mimi nipo dirishani na nyuki wangu. Mama amesikia yote, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema mama yake hajawahi kuuliza bei ya kitu wala ruhusa ya kitu tangu amfahamu. Kisha akasema tai ataitunza, sijafa.

Timu ya upimaji itafika hapo tarehe 6. Wapime wote, kwanza wale sita. Wewe pia, na usiniambie habari za magoti, damu inatolewa mkononi.

Na Mkuu ana ombi. Mwezi ujao kuna semina ya watunza mitego wa vijiji vyote, na anataka somo la kitambaa ufundishe wewe. Alisema hivi: "Niletee yule mama anayepima malale kwa futi." Sikujua kama amekasirika. Nadhani yeye mwenyewe hajajua.

Nilipita hospitalini Jumapili. Kengele anakaa kitandani, anakula, anawapangia manesi barua zao. Nimemweleza habari za koti, maana ilibidi ajue. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo nzi hawakunipenda mimi." Kisha akasema, "Mwambie Bibi sina kinyongo. Lakini mimi sasa ni mtu wa koti."

Mjukuu wako


2 Septemba

Kwako mume wangu mdogo,

Marahaba, na shikamoo ya Mjomba wako kwa dada yake. Paa limekwisha. Bati kumi na nne, zote zinatazama juu. Baada ya kumaliza ndipo alipogundua kwamba mlango aliochongesha ni mpana kuliko uwazi aliouacha ukutani, kwa hiyo mwambie mama yako aje tu, ataingilia dirishani kama sisi wengine.

Wanawake sita wote damu yao ni safi. Majibu yalipokuja nilikaa kitako chini, hapo hapo mlangoni mwa mashine ya kusaga, na ikabidi wao ndio waniinue. Nami nimepimwa, niko safi. Mganga alisema mbung'o labda hawapendi nyama ngumu. Nimewashonea wanawake hao aproni sita nyingine, za kijivu, na mganga sijamshonea kitu.

Semina ilikwenda vizuri. Kabla ya kuanza nilimsimamisha kila mmoja nikamkagua suruali na sketi, na wawili waliochanika walishonewa kwanza huku darasa zima likisubiri. Mkuu wako alikuwa amekaa nyuma. Nikapitisha vipande viwili vya bluu mkono kwa mkono na kuwauliza tofauti. Wakasema ni bluu vyote. Nikawaambia, "Hata mimi nilisema hivyo," nikawasimulia habari za koti mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyesinzia.

Kopo la mwezi huu ni 96, na kila mtego umevaa bluu yake. Namba ikishuka tena safari hii, ichore.

Kengele amerudi wiki ya tatu sasa. Nimempima: kola inchi kumi na tano kamili, kifua thelathini na saba, moja ameiacha hospitalini. Nimemshonea koti la rangi ya vumbi. Ni koti baya kuliko yote niliyowahi kushona, na hakuna nzi atakayeligeukia, wala binadamu. Analipenda. Mfuko wa ndani wa barua nimemrudishia kama ulivyokuwa.

Hii namkabidhi sasa, saa mbili asubuhi. Baiskeli ameshaishika, kola ameifunga, na mbuzi wote wameshapigiwa kengele. Utatazama muhuri mwenyewe. Kabla hajaondoka nimemuuliza habari za mke wake. Amenijibu sentensi nzima, na nyingine nne ambazo sikuziuliza.

Mkeo mkubwa,
Bibi